Taa ya Tatu

Kosa lenyewe lilifanyika saa nne asubuhi, kwa nia njema kabisa, na kwa pini ya chuma isiyozidi urefu wa kidole.

Mama Saa alikuwa anapangusa vumbi sebuleni. Jina hilo alipewa na wateja enzi za kibanda chake, alikokaa miaka thelathini na moja akitengeneza saa za mkononi, na hata baada ya kibanda kufungwa na yeye kuhamia kwa mwanawe, jina halikumwacha. Alipangusa meza, akapangusa televisheni, akafika kwenye rafu ilipokaa ruta, kile kiboksi cheupe kinacholeta intaneti ndani ya nyumba. Akakiinua, akakigeuza, na kwa nyuma akaona kitundu kidogo kilichoziba kwa vumbi.

Kwa mtu mwingine kile kilikuwa kitundu tu. Kwa fundi saa, kitundu kilichoziba ni ugonjwa. Alikuwa amekula na kusomesha mtoto kwa kuzibua vitundu vidogo kuliko hicho, na aliwajua watu waliotupa saa nzuri kabisa kwa sababu ya uchafu usiojaza hata ukucha. Basi akafuata mkoba wake wa vyombo, akachagua pini, akaichomeka taratibu na kuizungusha. Akahisi kitu kinabonyea kule ndani. Akadhani ni uchafu ulioganda, akaukandamiza kwa ustadi wote aliokuwa nao, huku akihesabu moyoni mpaka kumi na tano kama alivyozoea. Taa zote za kiboksi zikazimika kwa mpigo. Zilipowaka tena, ya kwanza ilikuwa kijani, ya pili kijani, na ya tatu nyekundu.

Akaipangusa ile nyekundu kwa kitambaa. Haikubadilika.

Haukupita muda mkwe wake, mke wa mwanawe, akatoka chumbani amebeba kompyuta iliyo wazi, uso umemkunjamana. Siku hiyo hakwenda kwenye duka la dawa alikoajiriwa. Alikuwa ameomba ruhusa, maana saa nane kamili mchana alikuwa na mtihani wa mwisho wa cheti cha fundi sanifu wa dawa, cheti ambacho kingemtoa kwenye kaunta ya kuuza sabuni na pamba na kumpeleka nyuma ya kioo, wanakokaa wale wanaosoma maandishi ya daktari na kupima vidonge. Mtihani ulifanyiwa nyumbani kwa kompyuta, mlango umefungwa, kamera inawaka, mtahiniwa peke yake. Mtandao ukikukatikia mara mbili, umefeli. Mwaka uliopita alijaribu kwa intaneti ya simu, ambayo ndani ya kuta nene za jengo lile huja na kuondoka inavyojisikia. Ikakatika kwenye swali la tisa, ikakatika tena kwenye la kumi na nne, mchezo ukaishia hapo. Ndipo wakafunga ruta. Chuo kiliruhusu majaribio mawili tu, na hili lilikuwa la pili.

"Nani ameigusa?" mkwe akauliza.

"Mimi, mwanangu. Nilikuwa naisafisha. Tundu lilikuwa limeziba."

Mkwe akaitazama ile pini mkononi mwa mama mkwe wake. Akaitazama taa nyekundu. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida.

"Leo, Mama? Katika siku zote za mwaka, umeona uisafishe leo?"

"Sikujua kama kuna kitu mle ndani."

"Kama hutaki nisome si ungesema tu."

 Mama Saa hakuumizwa na ukali wa yale maneno. Kilichomuuma ni kwamba kusema, alikuwa amesema. Si siku hiyo, na si kwa lugha hiyo, lakini aliwahi kusimama jikoni, masufuria machafu yamejaa karai, akamwambia mwanawe kwa sauti ya kufika chumbani kwamba nyumba hii siku hizi ina mwanafunzi, mke haina. Alisema hivyo zaidi ya mara moja, na mara zote alijua anasikika. Sasa angeanzia wapi kujitetea? Ushahidi wote ulimwelekea yeye, na pini bado alikuwa ameishika.

*

Mkwe alipiga simu kwenye kampuni ya intaneti. Akaambiwa asubiri, akasubiri, akaambiwa fundi atafika baada ya siku tatu za kazi. Alieleza habari ya mtihani, akajibiwa kwamba wanasikitika sana. Akampigia mumewe tena na tena, simu ikaita bila kupokewa. Mume alikuwa mwendesha winchi kwenye ujenzi wa ghorofa. Kule juu simu hairuhusiwi, hufungiwa kwenye kabati la getini mpaka anaposhuka saa kumi. Akagonga kwa majirani wa pande zote mbili, na pande zote mbili watu walikuwa makazini. Mwisho akazunguka nyumba nzima na simu mkononi akitafuta mtandao, akapanda hata juu ya ndoo bafuni chini ya kile kidirisha cha juu, na ule mstari mmoja alioupata ukapotea alipoteremka. Akaingia chumbani, akafunga mlango kwa komeo. Hakuubamiza. Mama Saa alitamani angeubamiza.

Akabaki sebuleni amekaa, mikono mapajani. Saa ya ukutani, ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa sahihi kabisa, ilionyesha saa tano na nusu. Akawaza kuomba msamaha, akaona msamaha bila intaneti ni kelele tu mlangoni mwa mtu mwenye uchungu. Akawaza kunyamaza, akaona kunyamaza ndiko kukubali kwamba alikusudia. Hilo la pili hakulimeza. Alikuwa mtu wa maneno makali, naam, na wa kununa, na wa kusema mchele umelowa hata ukiwa haujalowa. Lakini kumharibia mtu kazi yake kwa makusudi, hapana. Hilo hakulifanya hata kwa mafundi waliomwibia wateja.

Akachukua mkoba wake, akaweka lenzi yake ya fundi kwenye jicho la kulia, akaipindua ruta. Chini yake kulikuwa na karatasi iliyobandikwa, yenye maandishi madogo kama mbegu za ufuta. Kwake yalikuwa makubwa mno. Akaisoma namba ya huduma kwa wateja, akapiga.

Ukaja muziki, ukaja ujumbe wa kumshukuru kwa uvumilivu ambao hakuwa nao, ukaja muziki tena. Baada ya dakika ishirini na mbili ikaja sauti ya mwanamke, ya upole wa kulipwa. Mama Saa akaeleza: tundu, pini, taa ya tatu nyekundu. 

"Bibi," ile sauti ikasema, "kuna mtu mwingine hapo nyumbani ninayeweza kuzungumza naye?"

"Yupo, analia. Zungumza na mimi."

Yule mhudumu akakohoa. Kisha akaeleza polepole mno, kama anayemlisha mtoto uji, kwamba mle tunduni mna kitufe, na kitufe hicho kikibonyezwa kwa muda, ruta husahau kila kitu na kurudi ilivyotoka kiwandani. Haikuharibika, ila haijui tena ni ya nani wala ipite njia gani. Kwa laini za kisasa hujipanga yenyewe, lakini laini ya jengo lao ni ya zamani, lazima kila kitu kiingizwe kwa mkono.

"Kwa mkono?" Mama Saa akakaa wima.

"Ndiyo, bibi. Ndiyo maana tunamtuma fundi."

"Mimi ni fundi."

Hakutaja ni fundi wa nini, na mhudumu hakuuliza. Alisema tu kwamba taarifa za kuingiza anazo, lakini hutumwa kwa ujumbe kwenye simu ya mwenye akaunti. Mama Saa akaeleza kwamba mwenye akaunti yuko angani na simu yake iko kabatini. Basi, akasema mhudumu, labda kama unaweza kujibu swali la usalama alilochagua mteja mwenyewe, na akasema kwa namna ya mtu anayefunga mazungumzo. Swali lilikuwa: mama mzazi wa mteja anaitwa nani, jina kamili?

Jina hilo Mama Saa alilijua. Lilikuwa jina ambalo halijatajwa ndani ya nyumba ile tangu ahamie. Alikuwa Mama, alikuwa Bibi, nje alikuwa Mama Saa, na hospitalini alikuwa namba. Akayataja yote matatu, lake, la baba yake na la babu yake, akiyatamka vizuri kama anayeitwa mbele ya watu.

"Ni sahihi," mhudumu akasema. "Na wewe ni nani kwa mteja?"

"Si nimekutajia sasa hivi?"

Yule mwanamke akacheka, na kicheko hicho hakikuwa cha kulipwa. Tangu hapo hakumwita tena bibi. Alimwita mama, akampa namba yake ya mezani ili asianze tena na muziki, akamwambia atafute kompyuta.

*

Kompyuta ilikuwa nyuma ya komeo. Mama Saa alisimama mlangoni, akagonga mara moja.

"Wamekubali kunipa taarifa za kuingiza. Inapangwa kwa mkono. Nahitaji kompyuta yako."

"Hapana, Mama," sauti ikajibu kutoka ndani. "Hiyo umeshaigusa. Hii usiiguse."

Lilimwingia sawasawa, likamkata maini. Mwanamke aliyewahi kukabidhiwa saa ya dhahabu ya hakimu bila risiti, leo anaambiwa kama mtoto mwenye mikono ya mafuta. Siku nyingine angerudi jikoni akanuna mpaka Ijumaa. Lakini saa ilikuwa sita na dakika kumi, na mwenye haki ya kununa siku hiyo hakuwa yeye.

"Sitaigusa," akasema. "Utabonyeza wewe, mimi nitakusomea. Ikishindikana, mwambie mumeo nilikusudia, na mimi sitakanusha."

Komeo likatoka.

Wakakaa sakafuni chini ya rafu, kompyuta kati yao, waya wa njano umechomekwa kutoka ruta mpaka kwenye kompyuta kama mhudumu alivyoelekeza. Mkwe alikuwa na macho mekundu. Akaandika kwenye mstari wa juu zile tarakimu zilizo chini ya ruta, ukurasa ukafunguka, ukadai neno la siri. Mama Saa akalisoma kwa lenzi, herufi moja moja. Likakubaliwa. Mbele yao ukajaa ukurasa wenye visanduku vingi, na mkwe akaanza kubonyeza kwa pupa, hapa, pale, rudi, hapana.

"Toa mkono," Mama Saa akasema.

"Mama, muda unakwenda."

"Ndiyo maana nakwambia toa mkono. Lete karatasi."

Na hapo ndipo ukaja utaratibu wake wa kibandani, ule uliowakera wateja wenye haraka na kuwarudisha wasio na haraka. Kabla ya kubadilisha chochote, andika kilivyokuwa. Badilisha kimoja, si viwili. Tazama. Kikikataa, kirudishe kilivyokuwa ndipo uguse kingine. Mkwe aliandika huku akiuma meno, lakini aliandika, na kadiri karatasi ilivyojaa ndivyo vidole vyake vilivyotulia. Wakafika mahali pa aina ya muunganisho. Ilikuwa imewekwa ijipange yenyewe. Wakachagua ile ya pili, inayotaka jina na neno la siri. Mama Saa akampigia mhudumu, akaweka simu sakafuni kwa sauti ya juu. Jina likaingia, neno la siri likaingia, wakalisoma upya kutoka mwisho kwenda mwanzo kwa sababu fundi mzuri hukagua kinyume. Mkwe akabonyeza hifadhi.

Taa ya tatu ikazimika. Wote wawili wakaikodolea macho. Ikawaka nyekundu.

Wakajaribu tena. Nyekundu. Saa saba kasoro dakika tano. Wakazima na kuwasha, wakasubiri dakika tatu ambazo kila moja ilikuwa na urefu wake wa pekee. Nyekundu. Mhudumu akasema kila kitu kwake kinaonekana sawa, kwamba amefika mwisho wa maelekezo yaliyo mbele yake, kwamba hapo sasa ni kazi ya fundi, anasikitika. Ilikuwa saa saba na robo. Kwenye mtihani ilikuwa lazima uwe umeingia ifikapo saa nane kasorobo, vinginevyo mlango unafungwa.

Mkwe akafunika uso kwa viganja. Hakumlaumu mtu. Alisema tu, kwa sauti ya kuchoka, kwamba atarudi kwenye sabuni.

Mama Saa akaivuta simu karibu na mdomo wake.

"Mwanangu, nisikilize. Wewe umesoma karatasi yako mpaka mwisho, sikulaumu. Lakini huyo fundi wenu akifika kwenye jengo kama letu, anaketi, anafungua, anaandika kama tulivyoandika sisi. Ikikataa, anafanya nini? Harudi ofisini kulia. Kuna kitu anabonyeza. Hapo ulipo hakuna fundi wa kumuuliza?"

"Wapo ghorofa ya chini, mama, lakini haturuhusiwi..."

"Hujakatazwa kwenda chooni."

Upande wa pili kiti kikasikika kikisukumwa, na simu ikabaki wazi, na ndani yake sauti za wahudumu wengine wakiwasikitikia watu wengine. Mama Saa na mkwe wake wakakaa wanasikiliza. Ni katika kusubiri huko, bila kumtazama, Mama Saa aliposema lililokuwa limemkaa kooni tangu saa nne.

"Yale ya mwanafunzi na mke, niliyasema. Nilikuona unasoma usiku na mchana, na mimi nimefungiwa kibanda, sina cha kufanya. Nilikuonea wivu. Lakini hili la leo, sikukusudia."

Mkwe akasogea kidogo tu, bega lake likagusa bega la mama mkwe wake, na akaliacha hapo.

Kiti kikalia tena. Mhudumu alikuwa anahema. Akasema kwa kunong'ona kwamba kwa majengo ya zamani kuna kisanduku kingine, ukurasa wa pili, chini kabisa, ambacho kiwandani huachwa kimezimwa. Ni namba ya njia. Bila hiyo, ruta inabisha hodi kwenye mlango usio wake. Wakiwashe, waweke thelathini na nane. Fundi wa chini, akaongeza, ameuliza ni nani huyo anayeuliza swali la namna hiyo.

Mkwe akafungua ukurasa wa pili. Akashuka chini kabisa. Mkono ukaelekea kwenye kitufe, kisha ukasimama wenyewe. Akachukua kalamu, akaandika kwanza kilivyokuwa: kimezimwa, hakina namba. Ndipo akakiwasha. Tatu, nane. Hifadhi.

Taa ikazimika. Ikakaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba Mama Saa alianza kuhesabu, na alipofika kumi na moja ikawaka, ikapepesa kijani, ikapepesa, ikatulia. Kijani.

Kwenye kompyuta ukurasa wa chuo ukafunguka wenyewe, na picha ya mkwe iko pembeni, na salamu ya kumkaribisha. Saa saba na dakika thelathini na nne. Mkwe akaunganisha kompyuta bila waya kwa neno la siri lililo chini ya ruta, akachomoa ule waya wa njano, akainuka nayo, akapiga hatua mbili, akarudi, akamshika mama mkwe wake kichwa kwa mikono miwili na kumbusu juu ya kilemba, akakimbilia chumbani. Kwenye simu mhudumu alikuwa anauliza, imekubali? Mama? Imekubali? Mama Saa alimjibu kwamba imekubali, na machozi yalikuwa yanamtoka bila breki, lenzi ikiwa bado jichoni, mpaka ikajaa maji.

*

Kwa saa mbili Mama Saa alikaa kwenye kiti mbele ya rafu, mikono ameifumbata asije akashawishika. Hakupangusa kitu. Vumbi lilitua kwenye televisheni akaliangalia likitua. Mara moja paka wa jirani alichungulia kwenye kibaraza kana kwamba anataka kuingia, na jicho alilotazamwa nalo likamtosha.

Saa kumi na dakika chache mlango wa chumbani ukafunguka. Mkwe alisimama pale, ameegemea fremu. Matokeo ya mtihani ule hutokea papo hapo, na alikuwa ameyasoma mara nne ili kuwa na uhakika.

"Themanini na tatu," akasema. "Kati ya mia. Mama, haikukatika hata mara moja."

Mama Saa alipiga kigelegele. Alikuwa hajapiga kigelegele tangu harusi ya wawili hao, na kilitoka kimekwama kidogo mwanzoni, kisha kikafunguka, kikavuka mlango, kikashuka ngazi. Jirani wa chini, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kazini, alipiga kelele kuuliza nani amejifungua.

Walikuwa bado wameshikana mikono, wanacheka na kulia kwa zamu, simu ya mkwe ilipoita. Mwendesha winchi alikuwa ameshuka, amekuta simu kumi na saba ambazo hakuzipokea, roho mkononi. Mama Saa alikwenda jikoni kuosha vyombo, kwa heshima, lakini maji hakuyafungulia. Alisikia upande mmoja wa mazungumzo, na upande huo ulimtosha.

"Nimefaulu... Ndiyo, kwa intaneti ya nyumbani... Hapana, hawakuja. Ilifutika yote, Mama akaipanga kwa mkono... Mama gani tena, mama yako... Mimi nilikuwa nabonyeza tu, nilichoambiwa."

Kisha mkwe akawa anasikiliza. Mama Saa alimfahamu mwanawe, akajua hasa ni lipi linalosemwa kule, na kwamba linasemwa kwa upendo. Akasubiri jibu, kikombe mkononi.

"Eti nimwambie asiiguse tena?" mkwe akasema, na akapandisha sauti ili ifike jikoni. "Ataigusa akitaka. Ukirudi, wewe ndiye usiiguse."